Mji Mkongwe: nyumba zinasimama, majirani wanahama

Ramadhani iliyopita nilimtuma mwanangu na sahani nne za futari kwa majirani, kama tulivyokuwa tukitumwa sisi udogoni. Alirudi nazo mbili. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Mwengine alifungua kijana wa mapokezi, akamwambia wenyewe hawakai tena hapa, sasa ni nyumba ya wageni.

Sisi tunakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na jioni ile ilinirudisha kwenye ubishi usiokwisha barazani: hizi hoteli, nyumba za wageni na maduka ya picha zinauokoa mji wetu, au zinatutoa?

Wanaosema zinauokoa wana hoja nzito, na mimi nimeiona kwa macho yangu. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Paa likivuja, maji yanateremka ndani ya ukuta na kuozesha vichwa vya boriti pale vilipoingia kwenye jiwe, mahali ambapo jicho halifiki. Masika moja pande la lipu lilituangukia kitandani, adhuhuri, hakuna aliyelala, alhamdulillahi. Fundi alichomeka kisu kwenye kichwa cha boriti, kikazama mpaka mpini. Bei aliyotutajia ilikuwa kubwa kuliko kodi yetu ya miaka miwili.

Asiyekuwa na pesa hiyo anamwita fundi wa saruji, na hapo ndipo anapoiua nyumba. Chokaa inauacha ukuta upumue. Saruji inafungia unyevu ndani. Miaka michache baadaye lipu inabanduka pamoja na vipande vya mawe. Nyumba nyingi za mji huu zimeumia kwa ukarabati wa bei nafuu, si kwa uzee peke yake.

Chanzo cha ufukara huu kinajulikana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua nyumba nyingi za waliokimbia na kuweka familia ndani kwa kodi ndogo. Nyumba ya ukoo mmoja ikawa ya familia tano au sita. Silidharau jambo lile, maana watu wengi walipata pa kulala ambapo wasingepaota. Lakini kodi ile haikutosha hata kuziba paa, na kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikiporomoka. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo Beit al Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba lile limeanguka, nyumba ya mjane wa mtaa wetu wa Malindi itasimama kwa nguvu gani? Kwa hiyo anapokuja mtu na fedha, akabadilisha boriti, akapiga chokaa ya kweli na kumwajiri seremala wa kuchonga mlango, siwezi kusema amefanya ubaya.

Hoja ya sanaa nayo ipo. Tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likijaza Ngome Kongwe tangu 2004, tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi kimefundisha ala za udi, kanuni na fidla tangu 2002. Vijana wamepata kazi, na wengine wamepata jina.

Hapa lakini naona tunachanganya mambo mawili. Sanaa ya mji huu haikuzaliwa na wageni, wala na fedha zao. Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, imeanzishwa 1905, na taarab imekua kwa watu waliotoka kazini, wakala, kisha wakenda kwenye mazoezi kwa miguu kwa sababu wanakaa karibu. Mpiga fidla anapohamia nje ya mji kwa kuwa kodi imemshinda, mazoezi ya usiku yanakuwa safari ya daladala. Duka la picha za Wamaasai na machweo halizibi nafasi yake, hata likipakwa rangi nzuri vipi.

Na kuna mambo madogo ambayo watunga mipango hawayahesabu. Duka la unga na mafuta ya taa likigeuka duka la kanga za kitalii, bibi wa jirani anateremka ngazi zile zenye kiza na kutembea mpaka sokoni Darajani kwa kilo moja ya mchele. Baraza ya nje, ambayo ni kiti cha kila mpita njia, inawekewa mito na menyu, na wazee wanajua bila kuambiwa kwamba wainuke. Majengo makubwa nayo yana yake: Mambo Msiige, jengo la kale pale Shangani, imeingizwa ndani ya hoteli ya ufukweni, na Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe ilisikitishwa na mradi ule.

Nikipima, nasimama hapa: ukarabati wa mgeni ni bora kuliko kifusi, lakini si bora kuliko ukarabati wa mwenyeji aliyesaidiwa. Tatizo ni kwamba huyu wa pili hasaidiwi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama mmoja aliyerithi nyumba na ndugu zake amewapa wageni vyumba viwili vya chini, wao wakabaki juu. Kwa pesa hiyo ameezeka upya paa lote na kubadilisha boriti za upande wa bahari, kidogo kidogo, kwa miaka minne. Mmoja wa wajukuu wake anajifunza udi.

Yeye ana nyumba. Mpangaji wa nyumba ya serikali au ya wakfu hana nguvu hiyo. Hawezi kugusa boriti isiyo yake, wala hana sababu ya kutia akiba yake kwenye ukuta anaoweza kuambiwa auache. Sehemu ya ada wanazolipa watalii ingerudi kwenye mapaa ya nyumba hizo, pakawepo ghala la chokaa iliyolowekwa vizuri kwa bei anayoimudu, na mkataba wa kukaa miaka mingi. Haya yangeanza na paa, kabla ya masika, maana ndipo maji yanapoingilia.