Cheti cha mkalimani wa ishara: nani asahihishe mtihani?

Juzi tulikuwa kwa kibanda cha chai pale Ngara, Nairobi, wakalimani wanne wa lugha ya ishara na rafiki yetu mmoja kiziwi, mjadala ukawaka. Ati mtu asiye na cheti cha ukalimani asikubaliwe tena kusimama kortini wala hospitali. Mmoja anasema hiyo sheria imechelewa sana, mwingine anasema huko ni kuwafungia watu mlango wa unga. Nimekaa na hiyo maneno kichwani wiki nzima.

Nianze na wale wa cheti juu hoja yao ni nzito. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi nyuma kwa korti moja hapa mjini, nimesindikiza mtu wetu, na kesi iliyotangulia ilikuwa ya kijana kiziwi aliyeshtakiwa kuiba simu. Mkalimani alikuwa ametafutwa asubuhi hiyohiyo, mama mmoja mpole aliyejifunza ishara kanisani. Sasa kwa KSL, yaani Lugha ya Ishara ya Kenya, swali la ndiyo au la liko kwa nyusi. Ukitia ishara WEWE SIMU CHUKUA huku umeinua nyusi na kichwa umekisongesha mbele kidogo, umeuliza. Mikono ileile na uso umelala, hapo umemwambia kwamba alichukua. Yule mama uso wake ulikuwa ukuta. Kijana akawa anatikisa kichwa juu chini, juu chini, na yeyote aliyeishi na viziwi anajua hiyo mara nyingi maana yake ni "nakuona, endelea", si "ndiyo". Wenye kuandika wakaandika. Nilitaka kuinuka niseme kitu nikanyamaza, manake mimi pia siku hizo sikuwa na karatasi yoyote, ningesema mimi ni nani?

Katiba ya 2010 ilijaribu. Kifungu cha 120 kimefanya KSL kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila kulipa chochote. Lakini kinasema mkalimani tu, hakisemi mkalimani wa aina gani, na yule mama kwa hiyo hesabu alikuwa ametosha.

Na mnakumbuka ile ya Desemba 2013 Johannesburg, kwa ibada ya kumkumbuka Mandela, jamaa aliyeletwa kama mkalimani wa ishara amesimama hatua chache kutoka kwa Obama anapunga mikono isiyo na maana. Marais wamejaa pale na hakuna aliyeona shida. Viziwi waliokuwa wanatazama kwa tivii ndio waliolalamika, akiwemo mbunge kiziwi wa hukohuko Afrika Kusini, Wilma Newhoudt-Druchen.

Sasa geuza upande wa pili. Kuna jamaa yangu wa Kayole, baba kiziwi, mama kiziwi, alianza kutafsiri akiwa darasa la pili, kwa duka, kwa kliniki, kwa landilodi mwenye matusi. Fomu foo alipata D. Viziwi wa huo mtaa wakishikwa na shida usiku wanampigia yeye video, hawanipigii mimi. Kule Marekani chama chao cha wakalimani, RID, kilianza 1964, na kuanzia 2012 mkalimani anayesikia akitaka kufanya mtihani wao wa kitaifa ni lazima awe na digrii au kitu cha kulingana nayo. Lete hiyo hapa kama ilivyo na huyo wa Kayole ameisha, tutabaki na watoto wa chuo wanaojua nadharia yote lakini hawajui mama wa Dandora anavyosema kizunguzungu.

Halafu kuna mambo ya umbali. Andika kwa sheria kwamba ni wenye laisensi pekee, halafu kiziwi ashikwe Lodwar: atangoja mtu atoke Nairobi, kesi iahirishwe, iahirishwe tena, na yeye yuko rumande.

Kwangu shida kubwa iko kwa swali la cheti cha nini. Wengi wetu karatasi tulizo nazo ni za kujua lugha, si za ukalimani, na hizo ni kazi mbili. Kuna pia waliofundishwa kile Kiingereza cha mikono cha mashuleni, neno kwa neno na viambishi vyake vyote, mtu anapita vizuri kabisa halafu mzee kiziwi wa Kariobangi anamtazama haelewi kitu. Mimi ningeanza na korti, polisi na hospitali, kanisa na matanga yaachwe hivyo yalivyo, na mtu wa uzoefu apimwe mikono na uso bila kuulizwa alipata nini fomu foo.

Nikawa naeleza hivyo pale kibandani, wenzangu wananikata, na katikati ya kelele rafiki yetu kiziwi akagonga meza mpaka chai ikamwagika. Tulikuwa tunabishana kwa mdomo karibu dakika kumi, wakalimani wanne, na hakuna aliyemtafsiria.

Tukaomba msamaha. Akasema kwa ishara mtihani ni rahisi: mwambie kiziwi maagizo ya daktari, halafu yeye amwambie mtu mwingine, mlinganishe. Akanichagua mimi. Nikamwambia dawa ni moja asubuhi, mbili usiku, kabla ya kula, maziwa asiguse. Akamgeukia mwenzangu akarudia yote sawasawa, isipokuwa alisema baada ya kula.

Basi hapo tukaanza upya, kosa ni la mikono yangu au la kumbukumbu yake, yeye anasema ni mikono, mimi nasema sijui, lakini safari hii tulibishana kwa ishara.