Waiache GTA Marekani: mawazo kutoka Lubumbashi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 19 na amewakasirikia watu wasiomjua. Rockstar, kampuni inayotengeneza michezo ya video ya uhalifu iitwayo GTA (Grand Theft Auto), walisema GTA VI itatoka 2025, wakaisogeza hadi 26 Mei 2026, halafu Novemba 2025 wakatangaza tarehe nyingine: 19 Novemba 2026. Kusubiri kumemfanya mchambuzi. Kila umeme ukikatika, na hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, Kongo, unakatika sana, ananisogelea na swali lile lile, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, hawa watu hawana ramani ya dunia? Kila mara New York, kila mara Miami. Watuletee Lubumbashi basi, hata mara moja."

Hasira yake ina msingi. Tangu mchezo wa kwanza wa 1997, mfululizo huu unazunguka viti vitatu: Liberty City, ambayo ni New York, Vice City, ambayo ni Miami, na San Andreas yenye Los Angeles yake. Mara moja tu walivuka bahari, 1999, walipotoa nyongeza ya London ya mwaka 1969. Baada ya hapo wakarudi nyumbani na kufunga mlango. Liberty City ilikuja 2001 ikaja tena 2008. San Andreas ilikuwa 2004, ikarudi 2013. Vice City ya 2002 ndiyo inayorudi sasa, safari hii ndani ya jimbo zima walilolipa jina Leonida. Na biashara haiwasukumi kuhama, maana GTA V peke yake imeuza nakala zaidi ya milioni 200.

Dan Houser, aliyeandika sehemu kubwa ya michezo hiyo kabla ya kuondoka Rockstar 2020, aliulizwa jambo hili mwaka 2025. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba London ilifaa kama nyongeza ndogo, lakini mchezo kamili umefumwa kwa Umarekani: bunduki, watu waliotiwa chumvi kupita kiasi, na Marekani yenyewe ikitazamwa kwa jicho la mgeni. Jicho la mgeni lipo kweli. Houser ni Mwingereza na studio kubwa ya Rockstar iko Edinburgh, Scotland. Kwa hiyo tangu mwanzo hii ni Marekani inayosimuliwa na jirani mwenye ulimi mkali.

Wanaomuunga mkono huongeza kwamba kejeli haimfikii mtu asiyemjua anayekejeliwa. Mji wa mchezo ni katuni, na katuni unaicheka kwa sababu sura yenyewe umeshaiona mahali. New York kila mtu ameiona katika filamu. Lubumbashi nani anaijua?

Nilikuwa karibu kukubali, nikakumbuka nilivyouonja mchezo huu mara ya kwanza.

Ilikuwa gereji ya mtu, mlango wa bati, televisheni tatu zenye chogo, maneti (vidude vya kuchezea mkononi) zimezungushiwa skochi, na jenereta nje ikikohoa. Tulisema "twende ku Play", yaani kwenye PlayStation, basi. Mwenye chumba alipima muda kwa saa ya ukutani na hakusamehe hata dakika. Kadi ya kuhifadhi mchezo alikuwa nayo moja, ya kwake na rafiki zake, kwa hiyo sisi wengine kila siku tulianza upya: CJ, mhusika mkuu wa San Andreas, anatupwa nje ya gari la polisi, anachukua baiskeli, anakimbia. Nadhani nimeicheza misheni ya kwanza mara mia moja. Ukutani kulikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa kodi za siri za mchezo kwa kalamu nyekundu, R1, R2, L1, mishale kulia na kushoto, za kupata silaha na za kupata kifaru. Kiingereza hatukujua. Redio ya ndani ya gari ilikuwa imejaa matangazo ya dhihaka, sisi tuliisikia kama kelele kati ya wimbo na wimbo.

Hatukuijua Los Angeles hata kidogo, na tuliipenda. Watoto wa Katuba, waliojifunza jiografia ya nchi nyingine kwa kuiba magari yake! Kwa hiyo ile hoja kwamba mchezaji lazima aujue mji kwanza, mimi binafsi naiona imekufa. Wachezaji wa dunia nzima wameshaonyesha kwamba watakwenda popote mradi mahali penyewe pana uhai. Mfululizo wa Yakuza unatumia mtaa mmoja, Kamurocho, ulioigwa kutoka Kabukicho ya Tokyo, tangu 2005, na watu wanaurudia kama wanavyorudi kwenye baa yao.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Sleeping Dogs ya 2012, iliyowekwa Hong Kong na kutengenezwa Vancouver. Kule bunduki ni adimu, basi na katika mchezo bunduki zikawa adimu. Unapigana kwa ngumi, kwa panga la buchani, kwa mlango wa friji ukiwa karibu. Mji ulibadilisha kanuni. Ndiyo maana ulikuwa mtamu. Lakini mwaka uliofuata Square Enix, waliouchapisha, walisema mauzo hayakufikia matarajio yao, na studio iliyoutengeneza ilifungwa 2016. Wakubwa wa biashara waliuona mfano huo, na sidhani kama wameusahau.

Sasa tuiweke Lubumbashi mezani kwa uzito huo huo.

Kwanza gari, maana bila gari hakuna mchezo wa namna hii. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani iliyopitia Dar es Salaam na Zambia, na usukani wake uko kulia pia. Maana yake ni kwamba dereva amekaa ukingoni mwa barabara, haoni kinachokuja mbele. Ukitaka kulipita lori kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yule aliyekaa kushoto ndiye macho yako. Anachungulia, anasema "bado, bado... pita!" na wewe unakanyaga kwa imani. Niambie kama kuna studio imewahi kubuni kitu cha kusisimua kuliko hicho. Ukiwa peke yako garini, unaendesha kipofu. Ukigombana na mwenzako, unaweza kufa kwa sababu amenuna.

Pili polisi. Katika GTA nyota za kusakwa na polisi zinapanda, helikopta zinakuja, unakimbia, unapaka gari rangi mpya, yamekwisha. Serikali ya mchezo ule ina nguvu na ina mafuta. Kwetu polisi wa barabarani hakimbizani na mtu. Anafungua mlango mwenyewe, anakaa kiti cha mbele, anaweka kofia magotini, na mazungumzo yanaanza. Vitabu vya gari viko wapi, taa ya nyuma imepasuka lini, ninyi mnatoka wapi na haraka hii. Mwisho anaomba maharagi ya watoto, yaani hongo, na hapo ujuzi wako wote ni mdomo: umwite shefu mara ngapi, uonyeshe haraka au utulivu, utaje jina la mkubwa fulani au unyamaze. Nyota zinashuka kwa maneno. Ungekuwa mchezo mwingine kabisa, na mimi ningeununua siku ya kwanza.

Redio sina wasiwasi nayo. Magitaa ya Katanga, eneo letu hili, ya miaka ya 50, ya akina Mwenda Jean Bosco, yangetosha kumfanya mtu aegeshe gari asikilize. Hata jina la bandia lipo tayari: mji huu ulianzishwa 1910 kama Élisabethville na haukuitwa Lubumbashi rasmi hadi 1966. Anayetaka hadithi ya zamani ana miaka ya kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, mamluki, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, na ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, iliyoanguka karibu na Ndola Septemba 1961.

Kasoro ya kwanza inaonekana kwenye ramani. Liberty City ina ngazi nzima ya uhalifu ndani ya mji mmoja: unaanza na kijana wa kona, unamaliza juu ya ghorofa, na yule mkubwa unamfikia kwa lifti. Hapa unaweza kumwonyesha mchimbaji anayeingia mgodini usiku, manseba, dereva wa bodaboda, anayebeba kiroba cha mawe ya madini kwenye pikipiki, mnunuzi mwenye mizani yake, lori kwenye foleni ya Kasumbalesa. Kisha ramani inaisha na hadithi inaendelea bila wewe. Mwaka 2022 Glencore, kampuni yenye makao makuu Baar, Uswisi, ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kosa la kula njama za rushwa zilizogusa nchi kadhaa, Kongo ikiwemo. Mkubwa wa mwisho wa mchezo huu, yule wa kupigana naye mwishoni, ofisi yake iko kwenye mji mdogo wa Ulaya ambao hauna hata fujo ya kuwekwa kwenye mchezo. Anayeiweka kamera Lubumbashi tu ataonyesha mwizi wa kiroba na kumwacha mwizi wa treni.

Na kuna waliokwisha kuguswa. Machi 2017 serikali ya Bolivia ilipeleka malalamiko kwenye ubalozi wa Ufaransa kwa sababu Ghost Recon Wildlands, mchezo wa Ubisoft, uliionyesha nchi yao kama mali ya wauza kokeini. Mwishoni mwa 2003 Wahaiti wa Marekani waliandamana dhidi ya Vice City kwa maneno yaliyomtaka mchezaji awaue Wahaiti, na maneno hayo yakaondolewa katika nakala zilizofuata. Mwaka 2016 watoto wa Jonas Savimbi, aliyekuwa kiongozi wa waasi wa Angola, waliishtaki kampuni ya Activision nchini Ufaransa kwa jinsi baba yao alivyochorwa katika Call of Duty. Mahakama haikuwapa haki. Zamani nilikuwa nacheka kesi hizi. Niliwaona ni watu wasiojua utani.

Ndipo ile gereji inanirudia, safari hii vibaya. Ni kweli tulicheza bila kuijua Los Angeles. Lakini hatukujua pia kwamba ile ni dhihaka. Hakuna aliyetuambia. Rafiki yangu mmoja wa wakati ule aliapa kwamba Marekani hatakwenda hata kwa viza ya bure, kwa sababu kule mtu anapigwa risasi akiwa amesimama kwenye foleni ya kuku. Alisema kwa uzito wote, sisi tukatikisa vichwa. Marekani haikuumia. Baadaye tuliona filamu zake nyingine, marais wake, shangazi wa mtu alitutumia picha za theluji. Katuni ikapata sura halisi ya kuisahihisha.

Kijana wa Ohio atakayeingia Lubumbashi kupitia mchezo atasahihishwa na nini? Ukiondoa TP Mazembe, kwa wale wanaofuata soka ya Afrika, na habari mbili tatu za kobalti, hana picha nyingine. Atatembea Kenya (komini yetu ya Kenya, si ile nchi) akiwa na bunduki, na hiyo ndiyo Kenya atakayobaki nayo. Yule polisi na maharagi yake, ambaye sisi tunamcheka kwa uchovu wa watu wanaomfahamu, kwake atakuwa ushahidi.

Nikiweka yote mizani, GTA ibaki Marekani, na sisemi hivyo kwa sababu za Houser. Ibaki kwa sababu ni moja ya mahali pachache ambapo dunia nzima inalipa ili kuicheka Marekani, na Wamarekani wenyewe wanalipa zaidi. Kwa nini tuwapokonye raha hiyo, tujipe sisi zamu ya kuchekwa?

Hilo halina maana kwamba Afrika isiwe na michezo ya uhalifu. Studio ya Nyamakop ya Afrika Kusini ilitangaza Relooted mwaka 2025: kikundi cha Waafrika kinavamia makumbusho ya nchi za Magharibi kuchukua vitu vya kale vilivyoporwa. Si mji mkubwa wa kuzurura kwa gari, ni mchezo wa kupanga na kuruka, na ni mdogo ukiuweka kando ya GTA. Lakini waliuliza kwanza ni wizi wa nani unaosimuliwa, ndipo wakachagua mahali. Lubumbashi ningeikabidhi kwa watu wa namna hiyo, hasa ikiwa kati yao kuna mmoja aliyewahi kulala siku tatu kwenye foleni ya malori.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote juzi, gizani, simu ikiwa na asilimia 6. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: "Sawa, Yaya. Lakini siku wakija hata hao wadogo, wewe waambie jambo moja tu. Usukani uwe kulia."