Tubadilishe mtihani kwanza, mashine za kisasa zitafuata

Mwaka jana alikuja dogo mmoja pale kwetu kufanya fildi, anasoma elektroniki mwaka wa pili, kijana msafi, daftari limejaa kuanzia jalada mpaka jalada, na ukimuuliza rangi za rezista, kile kifaa kidogo kinachozuia umeme usipite mwingi, yaani mistari inayoonyesha thamani yake, anazitaja kama anasoma kaswida, nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, hakosei hata moja. Nikampa bodi ya TV flati nikamwambia niambie hii rezista ni ya omu ngapi, yaani inazuia umeme kiasi gani. Akaigeuza, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, rangi zake ziko wapi?"

Hamna rangi. Ile ni rezista ya kubandikwa juu ya bodi, ndogo kama kipande cha mchele uliovunjika, imeandikwa 103, yaani kumi ikifuatiwa na sifuri tatu, omu elfu kumi. Pembeni yake ilikuwepo nyingine imeandikwa 01C, nayo ni elfu kumi hiyo hiyo ila imeandikwa kwa mfumo mwingine unaotumika kwenye zile za asilimia moja. Miaka miwili darasani hajawahi kuambiwa hilo, na rezista za mistari ya rangi kwenye bodi za siku hizi unaweza kuzikuta mbili tatu tu, upande wa pawa saplai, kama zipo.

Simcheki, mi mwenyewe nilipita humo humo. Nilimaliza 2012, na sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho tulisoma TV ya kichogo, flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa ya kioo), koili za shingoni, jinsi elektroni zinavyofagia kioo mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Nilifaulu vizuri tu. Usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huo huo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakazima matangazo ya analojia Dar, mikoa mingine ikafuata, na ule ukurasa mzima wa kupokea mawimbi ya analojia niliokesha nao ukawa kama wimbo wa zamani. Kichogo kiliendelea kuwaka kidogo kwa msaada wa kingamuzi ila wateja walishaanza kuleta flati, na flati ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na sauti, picha hakuna. Nikaifungua nikabaki naiangalia, haina flaibeki, haina shingo, sijui nianzie wapi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Kariakoo ambaye hana cheti chochote. Alichukua simu yake akawasha tochi, akaimulika kioo kwa karibu, akaniambia angalia vizuri. Picha ilikuwepo! Hafifu sana lakini ipo, watu wanatembea mle ndani gizani. Maana yake bodi inayotengeneza picha haina tatizo, tatizo liko kwenye taa za nyuma ya kioo au umeme unaoziwasha, na zile taa zimeungwa mfululizo kwahiyo ikikatika moja mstari wote unazima. Dakika moja, tochi ya simu, umeshajua ugonjwa uko wapi. Nilihesabu kichwani ada niliyolipa nikanyamaza.

Sasa kila ikizungumzwa habari ya kuboresha elimu ya mafundi, cha kwanza utasikia ni vifaa. Tununue vifaa vya kisasa, karakana za kisasa, wafadhili waje. Sikatai vifaa, ila nimeshaona karakana zenye osiloskopu (mashine ya kuonyesha umbo la mawimbi ya umeme) nzuri kuliko yangu zimefungwa kabatini na ufunguo anao mtu mmoja ambaye yuko semina, na nylon za kiwandani hazijatolewa kwasababu zikiharibika mwalimu ataandika maelezo. Na kwanini azitoe? Mtihani haziulizi. Mtihani unauliza taja aina tano za kapasita (kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), chora saketi ya kubadili AC kuwa DC, eleza kazi ya transista. Mwanafunzi anajua, mwalimu anajua, kila mtu anasoma kinachoulizwa. Ungekuwa wewe ungefanya tofauti?

Kwahiyo mi naanzia hapo hapo kwenye mtihani. Mpe mwanafunzi kifaa kibovu, kibovu kweli kilichotoka mtaani sio kile mwalimu alichokata waya mmoja jana jioni, mpe mita, mpe pasi ya kulehemu na blowa ya hewa moto, mpe intaneti atafute datashiti (karatasi ya maelezo ya kifaa kutoka kiwandani) na mchoro akitaka, alafu mpe saa mbili. Usimpe maksi kwa sababu kimewaka tu, maana kuna wanaobahatisha, mpe maksi kwa kuandika alipima wapi, alitegemea volti ngapi, akakuta ngapi, na kwanini akahamia sehemu nyingine. Ile karatasi ndio ufundi wenyewe. Mtu akiniambia nilikuta volti 5 zipo, 3.3 hazipo, nikapima omu kutoka kwenye ule mstari kwenda graundi nikakuta shoti, huyo hata kama muda uliisha hajamaliza mi namwajiri kesho.

Na sijaleta kitu kigeni. Kwenye karatasi mfumo wetu wa ufundi unatakiwa kupima umahiri, yaani mtu aonyeshe anaweza kufanya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana hadi utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambapo fundi wa mtaani asiyesoma chuo anapimwa kwa kazi yake anapewa cheti. Hiyo kitu naipenda sana. Najiuliza tu kama tumeweza kumwambia fundi wa gereji tuonyeshe unavyofanya, kwanini aliyekaa chuo miaka mitatu anaandika insha?

Viwandani ndio hali mbaya zaidi maana huko makosa yanaua. Kazi yangu siku hizi kubwa ni draivu za mota, yale maboksi yanayoongoza mwendo wa mota kwenye mikanda, pampu, mashine za kufungashia. Draivu ikifa laini inasimama, meneja anatembea tembea nyuma yako anaangalia saa. Umeme unaoingia ni wa fezi tatu volti 400, ukishageuzwa kuwa DC ndani unakuwa kama 565, na unakaa kwenye makapasita makubwa hata baada ya kuzima swichi. Lazima usubiri, mara nyingi kibandiko cha pembeni kinakwambia dakika ngapi, na bado unapima kwa mita kabla hujaweka kidole. Nimepokea vijana wawili watatu wa fildi, wote wana alama nzuri, wote walizima swichi wakataka kuingiza mkono. Mmoja nilimshika shati. Kapasita wanaijua, fomula ya chaji wanaijua, hawajawahi tu kukutana na kapasita yenye uwezo wa kuwaua.

Alafu ajabu ni kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo. Kuna kiwanda waliambiwa na aliyewauzia mashine kwamba draivu haitengenezeki, inunuliwe mpya, isubiri meli. Nikafungua, sehemu kubwa nzima kabisa, kilichokufa ni kapasita moja ndogo ya kuwashia pawa saplai ya ndani, imekauka, ya bei ya soda. Sijisifu, mtu yeyote anayejua kufuata umeme hatua kwa hatua angeikuta. Ila ndio ujue pengo liko wapi, waajiri hawalalamiki kwamba vijana hawajui mambo ya roboti, wanalalamika kijana anabadilisha bodi nzima kwa kubahatisha, ikigoma anabadilisha nyingine.

Hapa niseme na sisi wa mtaani, maana tukisifiana sana tunadanganyana. Fundi wa kitaa anajua TV ya aina fulani ikigoma badilisha kile pale, kwasababu ameshabadilisha mara mia, muulize kwanini hajui, na siku ikija modeli mpya anakwama sawa na yule wa chuo. Wengi tunalehemu vibaya pia. Tangu Ulaya walipozuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki mwaka 2006, bodi nyingi zinakuja na lehemu isiyo na risasi inayoyeyuka kwenye digrii kama 217, ile ya zamani tuliyozoea ni 183, na fundi asiyejua hilo anashindilia pasi mpaka anang'oa njia ya shaba kwenye bodi alafu anasema bodi za siku hizi feki. Nadharia inahitajika jamani. Sheria ya Ohm, ile inayounganisha volti, mkondo na omu, haijapitwa na wakati, ndio hiyo hiyo inayonionyesha shoti.

Walimu nao wasibebeshwe lawama zote. Mwalimu wangu alikuwa mzuri, ila alitoka chuo akaingia kufundisha chuo, hajawahi kudaiwa na mteja. Mwalimu wa elektroniki angepewa miezi miwili tu kila baada ya miaka michache akakae karakana ya kiwanda au hata kibandani kwa fundi simu, kwa mshahara wake ule ule, angerudi na mtihani mwingine kichwani. Hela ya kufanya hivyo haipo? Waajiri wanalipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo 2023 ilishushwa mpaka asilimia 3.5 ya mishahara, na bado nikikaa na mameneja wa viwanda wanaiongelea kama kodi nyingine tu, hawaoni inawarudia vipi. Mwalimu akiletwa kwenye karakana yao kwa hela hiyo wataiona kwa macho.

Suala la lugha nalo lipo, nitaligusa tu. Darasani Kiingereza, karakanani Kiswahili, mwanafunzi anakariri asichoelewa. Mi naona fundisheni kwa Kiswahili, alafu Kiingereza chenyewe kifundishwe kupitia datashiti, maana huko ndiko atakapokihitaji kila siku, ajue kwenye kurasa arobaini atafute nini, mguu upi unaingiza umeme, kiwango cha mwisho ni volti ngapi. Lile somo la kuandika barua ya kuomba kazi linaweza kusubiri.

Yule dogo wa rezista alikaa kwangu miezi miwili. Wiki ya kwanza nilimkataza kubadilisha kitu chochote, apime tu na aandike. Alichukia sana, niliona. Wiki ya sita akaniletea bodi ya draivu na karatasi, vipimo tisa, na mwisho ameandika "nadhani ni dayodi hii ila sina uhakika kwasababu sijaitoa nje kuipima". Ilikuwa ni ile dayodi. Aliporudi chuo alifanya mtihani wake, swali la kwanza taja aina tano za kapasita, akanitumia meseji ana hasira.

Nina boksi pale ofisini lina bodi mbovu kama thelathini, kila moja nimeandika kwenye karatasi ugonjwa wake na nilivyoukuta, nikaikunja karatasi nikaifunga kwa gundi ili mtu asichungulie. Mwalimu yeyote anayetaka kutungia mtihani aje abebe, simdai kitu, arudishe tu boksi.