Umama, imani na uanamke: hizi aya zinamdai nani?

Wiki hii nimesoma sana na karibu kila nilichoshika kimenirudisha kwenye ubishi mmoja. Nimepitia Mithali 31, nikasoma tena habari za Hajar, mama yake Ismaili, nikaingia sura ya Luqman kwenye Kurani, nikamalizia na ile barua ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1988 kuhusu hadhi na wito wa mwanamke. Ubishi wenyewe ni huu: kwa mwanamke mwenye imani, umama ndo wito wake mkuu, au ni wito mmoja kati ya mingi na dini zimeukuza mpaka ukammeza mwanamke mwenyewe? Mimi ni mama, Biblia naisoma kama muumini na Kurani naisoma kwa heshima, kwa hiyo sitajifanya nimekaa nje ya hii mada.

Nianze na wanaosema umama ndo wito mkuu, manake siku hizi ni rahisi kuwapuuza na kuwaita watu wa zamani. Hoja yao ina uzito. Wanasema dunia ya sasa inapima kila kitu kwa mshahara, na kazi isiyolipwa haihesabiki kuwa kazi, hivyo mtu anayeamka saa tisa usiku kunyonyesha, akabadilisha nepi, akalala nusu saa, akaamka tena kwa sababu mtoto ana homa, akiulizwa asubuhi "unafanya nini siku hizi?" anajikuta anajibu "sifanyi kitu, niko tu nyumbani." Hiyo "niko tu" inauma kuliko watu wanavyodhani. Sasa dini ndo sehemu mojawapo ambapo mtu husimama mbele ya watu na kusema hapana, hii kazi ni ibada, Mungu anaiona. Ukimnyang'anya mama hilo neno umempa nini badala yake?

Na wana hoja nyingine ambayo naiona ndo kali kuliko zote, ingawa sisikii wakiitumia vya kutosha. Tukisema umama ni chaguo tu la mtu binafsi, kama vile kuchagua rangi ya nguo, tunamwacha mama peke yake. Akilalamika kuchoka anaambiwa si ulitaka mwenyewe. Kazini akiomba ruhusa mtoto anaumwa, ni shida yake. Lugha ya chaguo inafungua mlango, kweli kabisa, ila ikishaufungua inasema haya pambana na hali yako. Lugha ya wito angalau inasema huyu mtoto ni wa jamii nzima, ni amana, na anayembeba anabeba kwa niaba yetu. Wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hiyo kazi haijawahi kuwa ya mtu mmoja.

Halafu kuna Hajar. Mwanamke yuko jangwani na mtoto mchanga, maji yameisha, anakimbia kati ya vilima viwili, Safa na Marwa, mara saba, anatafuta msaada. Hakuna anayemwona. Na hadi leo kila anayehiji Makka, mwanaume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, anatembea njia ileile mara saba, na hiyo ni sehemu ya ibada yenyewe. Nikiwaza hilo najiuliza ni wapi pengine hofu ya mama kwa mwanawe imechukuliwa ikafanywa nguzo ya safari ambayo mamilioni ya watu wanaifuata. Kwa hiyo mtu akiniambia dini haijawahi kumthamini mama, sikubali.

Sasa upande wa pili. Hawa wanasema sawa, mmeusifia umama, lakini angalia mmeufanyia nini, mmeugeuza kipimo. Mwanamke akizaa amefaulu, asipozaa ana kasoro, akizaa akashindwa kufurahi ana upungufu wa imani. Na hapa siwezi kubisha kwa sababu madhara yanaonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa depresheni. Yaani ukikusanya akina mama mia moja wenye vichanga, kumi na watatu hivi wanapambana na kitu ambacho ni ugonjwa unaotibika, wala sio ukosefu wa shukrani. Lakini mama huyo akijikaza akasema "sijisikii chochote nikimwangalia mwanangu", jibu analopewa mara nyingi ni mshukuru Mungu, wangapi wanatafuta mtoto hawapati. Anafunga mdomo. Kesho yake anakuja ibadani amejipodoa, mtoto amevikwa vizuri, kila mtu anasema hongera, na yeye anajiona muongo mbele za Mungu.

Na hao wanaotafuta wasipate nao wapo, tena sio wachache. Shirika hilohilo mwaka 2023 lilitoa taarifa kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita duniani anapitia tatizo la kupata mtoto katika kipindi fulani cha maisha. Na linawagusa wanaume pia, lakini nani anaombewa mbele ya watu? Nani anaulizwa na mawifi "vipi, bado tu?" Ni mwanamke.

Mithali 31 nayo, jamani. Wanaosema imetumika vibaya wana haki. Inasomwa kwenye sendoff, kwenye harusi, kwenye semina za wanawake, inasomwa kama orodha ya majukumu: anaamka kabla hakujakucha, taa yake haizimiki usiku, anasuka, anauza, ananunua shamba, anapanda mizabibu, anawasaidia maskini, na bado mume wake anaheshimika malangoni. Mdada wa miaka 25 anasoma hiyo anajiona hafai kabla hata hajaolewa. Halafu kuna kitu ambacho mahubiri mengi yanakiruka, aya ya 15 inasema wazi alikuwa na wajakazi. Huyu mama hakuwa peke yake jikoni! Tunamchukua mwanamke mwenye wasaidizi, tunamfanya kipimo cha mwanamke asiye na msaidizi hata mmoja, afu tunashangaa kwa nini wanawake wanachoka.

Baada ya kusoma kote huko nimeanza kuona kwamba ubishi huu umekaa mahali pasipo pake. Pande zote mbili zinauliza aya zinasema nini kuhusu mwanamke. Mimi wiki hii nimejikuta nauliza zinaambiwa nani, na majibu yake yamenishtua kwa sababu ukizisoma hivyo zinageuka kabisa.

Chukua hiyohiyo Mithali 31. Sura inaanza na mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake, yaani ni mama anaongea na mtoto wake wa kiume. Shairi lenyewe la aya 22, kila aya ikianza na herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania, linaeleza tu mwanamke anafanya nini, halimwamuru yeye afanye chochote. Amri inakuja mwishoni na haiendi kwake, inaenda kwa wanaosikiliza: mpeni mapato ya mikono yake, na matendo yake yamsifu malangoni. Kwa Wayahudi wengi shairi hili huimbwa Ijumaa jioni Sabato inapoingia, mume akiwa mezani anamwimbia mke wake. Anamsifia kwa wiki aliyoimaliza, hamsomei masharti ya wiki ijayo. Sisi tumelichukua tukalipeleka semina ya wanawake, mwanaume hayupo chumbani, tunawasomea wanawake peke yao maneno ambayo yalipaswa kuwaingia wanaume masikioni.

Nenda kwenye ile kauli maarufu kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama. Hadithi yenyewe, yaani simulizi ya maneno ya Mtume, ilivyopokelewa na an-Nasai, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, ni ya mwanaume aliyemwendea Mtume Muhammad kutaka ushauri kuhusu kwenda vitani. Akaulizwa, una mama? Akasema ndiyo. Akaambiwa kaa naye, pepo iko chini ya miguu yake. Aliyepewa kazi pale ni kijana wa kiume, na kazi yenyewe ni kumhudumia mama yake. Luqman 31:14 ni vilevile, inamwambia mwanadamu akumbuke mama yake alimbeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, basi ashukuru. Na al-Baqara 233, ya Kurani pia, inayozungumzia kunyonyesha miaka miwili, inampa baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama, inasema mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, na inaruhusu hata mtoto anyonyeshwe na mtu mwingine. Ile amri ya Musa, waheshimu baba yako na mama yako, nayo anaambiwa mtoto.

Hata Yohane Paulo II, ambaye wengi wanamchukulia kama mtetezi mkubwa wa umama wa kimapokeo, kwenye barua ile anasema mwanaume lazima atambue kwamba katika uzazi wao wa pamoja ana deni la pekee kwa mwanamke, na kwamba mpango wowote wa haki sawa usiozingatia hilo haufai. Deni, ameandika hivyo. Sasa niambie umesikia mahubiri mangapi ya Siku ya Mama yaliyotumia neno hilo.

Ndo maana naona kila upande umeshika nusu. Wa kwanza wako sahihi kwamba imani inaupa umama heshima ya juu sana. Wa pili wako sahihi kwamba heshima hiyo imegeuzwa mzigo. Kilichotokea katikati ni kwamba deni limehamishwa kimyakimya. Aya zilizowadai watoto, waume na jamii zimegeuzwa zikawa zinamdai mama, na anayedaiwa kwa halali amekaa kiti cha mbele anasema amina.

Najua kuna watu watanirudi na Tito 2 na 1 Timotheo 5:14, na wako sawa kunirudi, kwa sababu hizo ni aya zinazowagusa wanawake moja kwa moja: wajane vijana waolewe, wazae, watunze nyumba. Siwezi kuzifuta. Ila isome sura ya tano yote usiishie mstari mmoja. Pale kanisa linapanga wajane wa kuandikwa kwenye orodha, walio chini ya miaka 60 wasiandikwe, na hao vijana wanashauriwa wajenge familia. Ni utaratibu wa kutunza watu wenye uhitaji, na pembeni yake kuna maneno makali kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na 1 Wakorintho 7 inamsifia mwanamke asiyeolewa kwamba anayo nafasi ya kujishughulisha na mambo ya Bwana. Ukiweka zote mezani, kusema kila mwanamke lazima awe mama ndipo akamilike ni kulazimisha. Tito 2 nakiri inabaki ngumu kwangu, inasisitiza nyumba na utii kwa mume, na sioni njia nyepesi ya kuipita.

Lakini hapa pia napaswa kusema wazi kwamba hii habari ya deni haimalizi kila kitu. Inamsaidia mama. Je, asiye mama? Kwake yeye aya kubwa kwangu ni Luka 11. Mwanamke mmoja kwenye umati anapaza sauti anamwambia Yesu, heri tumbo lililokuzaa na maziwa uliyonyonya. Ni sifa nzuri kabisa, ya kumsifu mama kwa ajili ya mwanawe. Na Yesu anajibu, afadhali, heri walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hamtukani mama yake, ila anakataa tumbo na maziwa yawe ndo kipimo cha heri ya mwanamke. Hiyo nasema ingepaswa kusomwa kila harusi.

Kwenye Uislamu yuko Aisha, mke wa Mtume, ambaye hakuzaa, na zimepokelewa kutoka kwake hadithi zaidi ya elfu mbili, masahaba watu wazima walikuwa wanamwendea kuuliza. Hata hivyo naye alitaka jina la heshima kama wenzake walivyokuwa wanaitwa mama fulani, na Mtume akampa jina la Umm Abdillah, yaani mama wa Abdallah, kwa mtoto wa dada yake. Debora naye, nabii na mwamuzi, Biblia haimtaji mtoto wake hata mmoja, lakini wimbo wake unamwita mama katika Israeli. Upande mmoja utasema umeona, hata hao ilibidi waitwe mama. Upande wa pili utasema umeona, umama ni mpana kuliko uzazi. Mimi naegemea huu wa pili lakini sio kwa asilimia mia, kwa sababu kuna wanawake ambao hawataki kuitwa mama kwa namna yoyote ile, na kuwapa hilo jina kwa nguvu ni kuwaambia bado kuna kitu kinawapungukia.

Kwa hiyo Siku ya Mama ibadani mtangazaji akisema "akina mama wote simameni mpewe maua", mimi ningependa kitu kidogo kibadilike, na kinawezekana kabisa. Waliosimamishwa wawe wanaume na watoto waliolelewa, waulizwe mbele ya watu nani atashika kichanga usiku wa leo ili aliyejifungua alale, nani atampeleka mama yake kliniki wiki ijayo, na wanawake wote wakae, aliyezaa, aliyepoteza mimba mwezi uliopita, asiyetaka kuzaa, na anayetafuta mwaka wa nane, bila yeyote kulazimika kuchagua kati ya kusimama na kubaki kwenye kiti huku watu wanamwangalia.