Paketi uliyoipima ndiyo hiyohiyo uipeleke

Wiki iliyopita nimekesha mpaka saa kumi alfajiri. Seva sita, tano zinapiga kazi vizuri, ya sita kila baada ya dakika chache inakufa, na kila ninayempigia ananiambia mbona msimbo ni uleule tu. Mwisho nikatoa sha256, ile alama ya utambulisho ya faili inayobadilika hata herufi moja ikibadilika, ya faili la seva ya kwanza, nikatoa na ya sita, nikazipanga moja juu ya nyingine: moja inaanza na 9f3, nyingine c07. Kumbe ile ya sita mtu aliijengea paketi, yaani programu iliyofungwa tayari kuendeshwa, upya jioni ile, laibrari moja (msimbo wa watu wengine tunaoutumia ndani yake) ikawa imetoa toleo jipya hapo katikati, ikaingia kimyakimya.

Imeniuma kwa sababu hili tunalijua jamani. Paketi inajengwa mara moja, inapimwa, ikipita basi hiyohiyo bila kuguswa ndiyo inakwenda kwa wateja. Kinachobadilika ni mipangilio, yaani nywila, anwani ya hifadhidata, na hivyo vinakaa nje ya paketi. Ukijenga upya kwa kila seva, ulichokipima sicho ulichokipeleka, na zile siku zote watu walizokaa kupima zimekwenda bure, na wewe hujui kama zimekwenda bure mpaka usiku wa manane simu iite.

Na hiyo lebo ya latest ya Docker, ile programu ya kufunga na kuendesha paketi (zenyewe inaziita imeji), naomba tuiache kwenye seva za wateja. Haimaanishi mpya kuliko zote, ni jina tu linalowekwa usipotaja lingine, leo liko kwenye imeji hii kesho ile. Andika sha256 kamili.

Anayeona nakuza mambo akasome yaliyoipata Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Seva zilikuwa 8, msimbo mpya ukafika 7, ile moja iliyosahaulika ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala humo miaka, na ndani ya dakika kama 45 ikapotea zaidi ya dola milioni 400. Hakuwepo mtu wa pili wa kuhakiki, wala utaratibu ulioandikwa wa kutaka awepo.

Haya, nakubali, seva yenye prosesa ya aina ya ARM haiwezi kuendesha moja kwa moja paketi iliyojengwa kwa prosesa ya aina ya x86, hapo lazima zijengwe mbili. Lakini zijengwe pamoja, msimbo mmoja, matoleo ya laibrari yaleyale, basi.

Sisi sasa tuna faili moja la orodha: paketi gani, toleo gani, sha256 ipi, inakwenda seva ipi. Seva ikiwaka inajilinganisha na orodha kwanza, isipolingana haipokei mteja hata mmoja. Jana saa tatu usiku moja imekataa kuwaka, tukaangalia, paketi ilikuwa ya juzi. Tukaibadilisha, saa tatu na nusu nikafunga kompyuta nikalala.