Kiinua mgongo kilipwe, na aliyefukuza ovyo naye alipe

Uchaguzi ukipita, gumzo la barazani pale Mkunguni, Lamu, huwa moja: nani katolewa kazini Mokowe, makao makuu ya kaunti, na nani kaingizwa. Bili ya kufukuza huko hakuna anayeiulizia.

Chukua karani wa mshahara wa shilingi 40,000 aliyetumikia kaunti miaka 8. Akipunguzwa kazi, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka apewe notisi ya mwezi, afisa wa leba naye ajulishwe, wa kupunguzwa wateuliwe kwa muda wa utumishi, ujuzi na utendaji, likizo iliyobaki ilipwe taslimu, kisha kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kwake ni kama 160,000. Haki yake, wala hapo sina ugomvi. Lakini akipewa barua leo na kesho akazuiwa getini, mahakama ya ajira yaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani 480,000, mbali na gharama za kesi na riba. Pesa hizo hutoka kapu lile lile la dawa za vituo vya afya vya Faza na Kiunga.

Ibara ya 226(5) ya Katiba haimumunyi maneno: mwenye wadhifa wa umma, hata wa kisiasa, akiagiza fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara ataifidia yeye, awe ofisini au ameshatoka. Mawakili wa kaunti watajitetea kuwa kulipa hukumu ya korti si kuvunja sheria. Sawa, lakini aliyeizalisha hukumu hiyo ni nani? Hapo ndipo faili hunyamaza. Agizo lilikuja kwa simu kutoka juu, barua ikatiwa saini na mkurugenzi wa wafanyakazi, na mkaguzi wa hesabu hulikuta jina la huyo mdogo peke yake. Mkurugenzi anayejipenda angedai agizo liwe kwa maandishi.

Basi mwandikie katibu wa kaunti kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ana siku 21 za kujibu. Omba kumbukumbu za kikao cha Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kilichoidhinisha kufukuzwa huko, vigezo vilivyotumika, na malipo yaliyotenganishwa: kiinua mgongo mbali, fidia za korti mbali, ada za mawakili mbali. Ukiletewa jumla moja, irudishe. Nakala mpe mwakilishi wadi wako kabla bajeti ya nyongeza haijafika bunge la kaunti, kwa maana fidia hizi hupenda kupenyezwa humo.