Hisa ya gesi ya Rungwe: bei tunaiona, mnunuzi yuko wapi?

Kuna ubishi hapa Kabwe kwenye kijiwe chetu cha chai, una wiki mbili sasa na haujaisha. Wabishi wenyewe ni wawili, jamaa anayetoa mbao Mafinga na kuziuza hapa Mbeya, na mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita mwalimu tu. Jamaa wa mbao anasema hisa za TOL zitapanda mara mbili hadi tatu, ni suala la miaka michache, na yeye ameshaanza kuziokota. Mwalimu, ambaye anazo kidogo tangu zamani, anasema huo ni upatu uliovaa suti. Mi nakaa katikati nakunywa chai wanayolipa wao, ila nimesikiliza vya kutosha na naona kila mmoja kashika nusu ya ukweli, kuna kitu wote wamekiruka.

Kwa ambaye haijui, TOL ndo ile tuliyokuwa tunaiita Tanzania Oxygen, kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam biashara ilipoanza Aprili 1998. Inatengeneza oksijeni ya hospitali na viwanda, gesi za kuchomelea na kadhalika. Sisi wa huku inatugusa zaidi kwa sababu ya kabonidayoksaidi, ambayo inatoka ardhini kule Rungwe upande wa Busokelo, ile milima ya volkano inaitoa yenyewe chini, wao wanaivuna wanaisafisha inapakiwa inapelekwa kwa wenye viwanda vya soda na bia. Soda unayofungua ikakupiga puani, inawezekana kabisa ile hewa ni ya kwetu.

Sasa hoja ya jamaa sio ya kijinga, msimcheke haraka. Anasema kampuni ni ndogo, hisa zake zote ni kama milioni 57, wakati benki ya NMB wana milioni 500 na benki ya CRDB bilioni 2.6 na zaidi. Maana yake watu wachache tu wakizitaka kwa pamoja bei haina namna, inaruka. Halafu anakumbushia NMB iliuzwa shilingi 600 mwaka 2008 na CRDB 150 mwaka uliofuata, leo waliokuwa na subira wanakula maisha. Halafu anamalizia na ushahidi wake mkuu kwamba yeye yuko barabarani kila wiki na malori ya gesi anapishana nayo, siku hizi ni mengi kuliko zamani.

Hapo kwenye malori ndo nilimkatiza. Lori linakuonyesha mauzo, halikuonyeshi deni. Halikwambii dizeli imekula shilingi ngapi mpaka mzigo ufike Dar, zaidi ya kilomita 800 na mlima wa Kitonga wote huo, halikwambii riba ya benki wala mtambo uliosimama mwezi mzima unasubiri spea. Yeye mwenyewe anajua hili vizuri sana, kuna miezi anapeleka fuso nne za mbao na anabaki hana kitu. Hesabu za kampuni iliyoorodheshwa zinatoka hadharani, za robo mwaka na za mwaka, unaangalia faida, unaangalia madeni, unaangalia kama hela kweli imeingia au bado iko mikononi mwa wateja. Nimewauliza pale kijiweni nani amezisoma, kimya, mtu akaagiza chapati.

Na hiyo mifano ya NMB na CRDB mi inanichosha kidogo, kila mtu anaitaja kama vile soko lina hizo mbili tu. Mbona hatuitaji Vodacom ya simu, iliuzwa 850 mwaka 2017, watu wakanunua kwa mbwembwe na bei ikakaa chini ya hapo miaka na miaka? Na ile ni kampuni kubwa, laini yake iko mfukoni kwa kila mtu.

Lakini kitu wote wawili wamekiruka ni hiki, bei ya hisa ya kampuni ndogo maana yake ni nini hasa. Ile namba unayoiona kwenye simu inatokana na watu wa mwisho waliouziana, basi. Haisemi kwamba wewe ukienda kesho utauza kwa bei hiyo. Chukua mfano wa kubuni, hisa ilikuwa 650, leo mtu mmoja ana haraka kanunua hisa elfu 5 kwa 700. Ametoa milioni 3 na nusu tu, lakini ukizidisha ile shilingi 50 iliyoongezeka kwa hisa milioni 57, kampuni nzima kwenye karatasi imepanda thamani zaidi ya bilioni 2.8. Milioni 3 na nusu imezaa bilioni 2.8 na hakuna mtungi hata mmoja wa gesi ulioongezeka Rungwe! Na kushuka ni hivyo hivyo, mjane mmoja akitaka kuuza za marehemu haraka wote mnaamka maskini.

Mi hili nimelijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilinunua hisa za kampuni nyingine ndogo, siitaji jina, bei ikapanda kama asilimia 30, nikawa natembea Mwanjelwa kifua mbele, tajiri wa kwenye simu. Januari ikafika na ada zake, nikampigia dalali wangu aweke oda ya kuuza. Wiki ya kwanza hakuna mnunuzi. Wiki ya pili hakuna. Nikashusha bei, nikashusha tena, na ubaoni bado inasoma ile ile ya juu kwa sababu hakuna aliyeuziana na mwenzake, yaani naambiwa nina faida na mtoto anarudishwa nyumbani. Nikakopa vicoba. Nilikuja kuuza nusu baada ya miezi miwili, chini ya bei niliyonunulia, na bado kuna ada za dalali na soko ambazo ni kama asilimia 2 unaponunua na nyingine kama hizo unapouza.

Ndugu zetu wa Iringa nao wana yao, ile benki ya wananchi wa Mufindi, MUCOBA, iliingia sokoni 2016 kupitia dirisha la kampuni ndogo na changa ambalo soko lililifungua 2013. Hisa za dirisha lile zinaweza kupita siku nyingi tu hazijauzwa hata moja, na mtu anaangalia bei haijacheza anasema aah hii imetulia, haina presha. Haijatulia kaka, haijaguswa, na hivyo ni vitu viwili.

Sasa nirudi kwa mwalimu na upatu wake. Anachokumbuka ni DECI, ule upatu ambao watu walipanda mbegu, yaani hela zao, wakaahidiwa kuvuna na serikali ikaja kuifunga 2009, kuna nyumba hadi leo hilo jina halitajwi mezani. Namwelewa ila hapa amechanganya. Upatu unamlipa wa kwanza kwa hela ya aliyekuja jana, hauna kiwanda. Hapa kuna mtambo, kuna wateja wanaolipa, kuna mamlaka ya masoko ya mitaji inayodai hesabu, na kukiwa na gawio, yaani faida wanayogawana wenye hisa, unakatwa kodi asilimia 5 badala ya 10 ya kampuni ambazo haziko sokoni. Hiyo ni mali. Ila (na hapa mwalimu namrudishia pointi yake) ukinunua hujaangalia gawio wala faida, hesabu yako yote ni kwamba atatokea mwingine anunue kwa bei ya juu kuliko wewe, basi upatu umeuleta wewe mwenyewe hata kama kampuni ni safi.

Jamaa akajitetea na miti. Akasema mbona pine tunapanda tunasubiri miaka kumi na kitu na hakuna anayetuita wacheza kamari? Swali zuri, nililala nalo. Jibu nililopata ni kwamba mti ukiusubiri unanenepa wenyewe, hata usipopata mnunuzi mwaka huu mwakani una ubao mpana zaidi. Hisa inanenepa tu kama kampuni inanenepa, wewe kusubiri hakuiongezei kitu.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu hataki kulisikia kabisa. Hawa anaowaita wacheza upatu ndo mlango wake wa kutokea. Asipokuwepo mtu kama jamaa wa mbao, mwenye matumaini yake na tetesi zake, mwalimu atamuuzia nani? Mifuko mikubwa haina muda na kampuni ya ukubwa huu, wakinunua kidogo haiwasaidii na wakinunua nyingi hawatatoka. Wanaobaki ni watu wa vijiweni kama sisi, kwa hiyo kubahatisha kwao kuna kazi, hata kama wenyewe hawafanyi kwa kumsaidia mtu. Kinachonikera mimi ni wale wanaonunua kwanza kimya kimya halafu ndo wanaanza kuhubiri kwamba itapanda. Siku hizi mtu akiniambia hisa fulani itapanda namuuliza kwanza, wewe umenunua lini? Wengi wanacheka wanabadilisha mada. Jamaa wa mbao alinijibu bila kuzunguka, mwezi uliopita, na ataongeza, nikamheshimu kwa hilo.

Juzi ndo limetokea la kuchekesha. Mwalimu kaniambia pembeni ameweka oda auze za kwake kiasi amalizie kisima kule Uyole. Nusu saa baadaye jamaa kaniambia, naye pembeni, ameweka oda ya kununua. Kila mmoja kwa dalali wake, hakuna anayejua la mwenzake, na asubuhi wote wamekaa benchi moja wanatukanana kwa heshima. Nikawauliza bei kila mmoja kivyake. Wanatofautiana shilingi 40. Mpaka leo hakuna aliyesogea, mwalimu anasema zile ni mali halali hazishushi hovyo, jamaa anasema huyo anayeuza kwa bei ile ya juu, hata hamjui ni nani, ndo anafanya upatu.